Bei ya Mwisho

Kutoka Ruwi hadi Sinau, alisema Bwana Kurian,
ni saa mbili na ushei, hata kipofu hapotei.
Akanikabidhi katalogi, funguo za gari la kampuni,
na kidhibiti-joto kimoja cha mfano
ndani ya boksi la viatu.

Miaka sita Maskati, na Omani yangu yote
ni mtaa uitwao Ghala, ambao kweli ni maghala,
chumba cha kupanga, na njia ya kwenda benki
kila tarehe ishirini na tano, kutuma Voi.
Sikujua kwamba baada ya Izki
milima huchoka, ikajilaza,
ikabaki nchi tambarare yenye rangi ya biskuti
na mgunga mmoja mmoja,
kila mgunga na mbuzi wake.

Yule mwanamke wa ndani ya simu akaniamuru: pinda kushoto.
Kushoto palikuwa na pipa la maji na ngamia watatu
walionitazama kama maafisa wa uhamiaji.

Ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio.
Wanawake wenye barakoa, zile za asili,
zilizokuwa barakoa kabla dunia haijaugua,
walikokota mbuzi kwa kamba
wakitaja bei bila kupepesa.
Ningesimama pale nikajifunza.
Sikusimama.

Shinuna al-Habsi alinipokea katika ofisi
iliyonuka samaki wa Mahut na udi kwa pamoja.
Kahawa. Tende. Kahawa tena, maana sikujua
kwamba finjani hutikiswa ukishatosheka;
nilikunywa saba, moyo ukidunda kama jenereta.
Alitaka mashine mbili za chumba cha baridi.
Nikasema, kwa Kiarabu changu cha dukani: elfu tano na mia sita.
Akacheka kidogo, akaangalia dirisha.

Ndipo Mwakio akapiga kutoka ofisini.
Nami, kwa uhuru wa mtu aliye mbali na kwao,
nikaegemea kiti, nikamwaga yote:
"Ndugu yangu, huyu mama mkavu kama papa wa kuanikwa.
Mkono wa birika. Hebu niambie, mwisho wetu wapi?"
"Elfu nne na mia mbili. Usishuke hata baisa."
"Nne na mia mbili," nikarudia, polepole,
kama mwanafunzi anayekariri jibu
mbele ya msimamizi wa mtihani.

Nikakata simu. Nikatabasamu tabasamu la katalogi.
Shinuna akafunga daftari lake.
"Elfu nne na mia mbili," akasema. Kwa Kiswahili.
"Na hicho cha kwenye boksi la viatu utaniachia.
Papa mkavu, baba, hulowekwa kwanza."

Sakafu za Sinau ni imara.
Haikupasuka nilipoihitaji.

Alinieleza huku akijaza fomu: mama yake
alizaliwa Shinyanga, nyuma ya duka la chumvi na kanga,
akaletwa huku na mimba na sufuria mbili,
na kila alipogombeza watoto, Kiarabu hakikumtosha.
"Mimi Afrika sijafika.
Ila kukaripiwa kote, nimekaripiwa kwa Kiswahili."
Akatia saini. Mkono wa birika
ulikuwa na hina, na haukuwa na haraka.

Kisha, kwa sauti nyingine kabisa, ndogo:
"Mama akikasirika alisema, nitakutoa ngeu.
Nimeishi na hilo neno. Ngeu ni nini?"
Nikatafuta. Shule, kanisa, stendi ya Voi, kote.
Nikasema sijui.
Akanitazama kama niliyemuuzia
mashine isiyo na waya.

Jioni, kituo cha mafuta cha Izki,
Mwakio akapiga: imekwendaje?
Nikamtazama Mbangali anayejaza tangi,
nikamtazama mtoto wa gari la jirani, aiskrimu hadi viwiko,
nikapandisha kioo,
nikamjibu kwa Kitaita.